Biskuti Zenye Meno

"Mtu anayeshona koti la bwana harusi, bitana ndani, mifuko saba, likamkaa mwenyewe kama alizaliwa nalo, mtu huyo ashindwe na biskuti? Biskuti ni kitu gani? Ni kitambaa kinacholiwa, basi."

Hayo aliyasema Fundi akiwa mlangoni mwa chumba cha kulala, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, mikono kiunoni. Aliyasema kwa sauti, akayarudia kwa sauti zaidi, maana majigambo yasiyosikika mpaka sebuleni ni sawa na shati lisilo na kola.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Aliteleza kwenye ngazi zilizokuwa zimetoka kupigwa deki. Daktari alisema mkono huo usinyanyue hata kijiko, kwa sababu mfupa ukihama itabidi uvunjwe upya ndipo uungwe. Ungedhani maneno hayo yangemtia mtu woga. Wapi. Jana tu Fundi alimkuta anasugua sufuria kwa mkono wa kushoto, ameibana kwa ule wa plasta. Na leo mchana mama yake mzazi anakuja na wadogo zake kumjulia hali. Mama Mkwe hajawahi kuingia nyumba hii akazikosa biskuti za mdalasini, zile zilizonyunyiziwa sukari juu. Kwa hiyo asubuhi Fundi alipotoka kuoga alimkuta mgonjwa wake ameshashusha mguu mmoja, anatafuta kandambili.

"Sawa, oka," mkewe alisema, akiurudisha mguu kitandani kama mtu anayerudisha mkopo bila kuridhika. "Lakini nikisikia harufu ya kuungua naamka. Na nikiamka, sirudi kulala. Nitapika, nitaosha, nitafagia, na huyo daktari wako atajijua."

"Harufu utakayoisikia ni ya mdalasini peke yake."

Kutoka sebuleni likaja cheko fupi. Huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, aliyekuwa akiishi nao huku akisoma chuo. Humo ndani hawakumwita jina lake. Walimwita Redio, kwa sababu jambo likitokea jikoni, kabla mfuniko haujarudi kwenye sufuria, habari imeshafika chumbani, tena na nyongeza.

Basi Fundi akaingia jikoni, akafunga aproni ya mkewe yenye maua, akapiga kelele ya kwanza.

"Unga kiasi gani?"

"Kiasi," mkewe akajibu kutoka chumbani.

"Ndiyo, kiasi gani?"

"Kiasi tu. Si unaona bakuli? Usilijaze."

Fundi akalitazama bakuli. Bakuli nalo likamtazama. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa inchi. Mteja akija akisema nishonee suruali kiasi, mteja huyo unampa maji ya kunywa, unamwonyesha mlango.

"Sukari je?"

"Mpaka uone inatosha."

"Nione wapi?"

"Kwa macho, mume wangu. Uliyo nayo usoni."

"Na siagi?"

"Siagi isiwe ngumu, isiwe laini. Ukiibonyeza iwe inakubali lakini haifurahii."

Redio alikuwa ameshahamia mlangoni mwa jikoni na kikombe chake cha chai, ameegemea mwimo kama mtu aliyekata tikiti. "Shemeji, umesikia? Siagi isiyofurahi. Itafute kwenye friji, labda inalia."

"Huna kitabu cha kusoma?"

"Nasoma. Hapa ninapotazama ni somo."

Siagi ilipotoka kwenye friji ilikuwa ngumu kama tofali. Fundi aliibonyeza, haikukubali wala haikufurahi. Akaibonyeza tena. Akajaribu kuikata kwa kisu, kisu kikateleza, kipande kikaruka kikaenda chini ya jiko kujificha. Akavuta pumzi. Wajinga hungoja siagi ilainike yenyewe. Fundi ana pasi. Akaichukua na karatasi yake, akaipeleka sebuleni kwenye meza ya kazi, akailaza kando ya pasi ya moto iliyokuwa ikisubiri suruali ya mtu. Kisha akarudi jikoni kupima unga, na kwa kuwa kiasi hakikuwa na inchi, aliupima kwa kikombe cha chai, akaupunguza, akauongeza, akaupunguza tena, mpaka kwenye sakafu ukawa mwingi kuliko bakulini.

Aliporudi kwenye meza yake, siagi ilikuwa imekubali kupita kiasi. Ilikuwa imegeuka mafuta na sasa ilikuwa safarini, ikielekea kwenye ile suruali.

"Shemeji," Redio akasema taratibu, "mteja aliomba suruali ikaangwe?"

Fundi aliiokoa suruali kwa kuivuta, akayakinga mafuta kwa karatasi yake ileile, akayamimina bakulini pamoja na sukari, mayai, unga wa kuumulia na mdalasini. Akakoroga. Mchanganyiko ulipaswa kuwa donge. Ulikuwa kama uji wa mtu anayeumwa tumbo. Akaongeza unga mpaka ukakubali kushikika, ingawa uling'aa kama paji la uso wa mtu aliyepaka mafuta akaenda kucheza mpira.

"Imekuwaje huko?" mkewe akauliza.

"Iko kama ulivyosema."

"Sikusema chochote."

"Basi iko hivyohivyo."

Sasa likaja suala la oveni. Jiko lile lilikuwa la zamani, na namba kwenye kitufe cha oveni zilikuwa zimefutika kwa kufutwafutwa. Mkewe alilijua kwa sikio: gesi ikiguguma hivi ni moto mdogo, ikipumua hivi ni wa kati. Kwa Fundi gesi ilisema neno moja tu, shhh, kama mtu anayemwambia anyamaze. Akakizungusha kitufe mpaka mwisho, kwa hoja kwamba pasi nayo ikipata moto kamili ndipo inanyoosha. Akaumba viduara kwa viganja, akavibwaga kwenye trei ya kwanza, akafunga mlango wa oveni, akaubana kwa mwiko kwa sababu haujifungi wenyewe, na akaenda kuisafisha suruali ya watu kwa sabuni kabla doa halijaota mizizi.

Doa lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kufifia aliposikia sauti ya mkewe.

"Nini hicho kinanukia?"

Fundi alirudi jikoni kwa hatua ambazo mwanaume wa umri wake huzificha. Moshi ulikuwa ukitoka pembeni mwa mlango wa oveni kwa utulivu, kama mgeni aliyekwishaaga anayetafuta viatu vyake. Akafungua. Viduara vyote vilikuwa vyeusi tititi. Kimoja kilikuwa na cheche.

"Mdalasini," akajibu kwa sauti ya furaha ambayo haikuwepo usoni. "Mdalasini ukikolea hunukia hivyo."

"Mimi huo mdalasini napikia tangu nikiwa msichana. Haujawahi kunukia tairi."

"Huu ni mdalasini mzuri. Ndiyo maana."

Kitanda kikalia. Mkewe alikuwa anaukunja mwili, anajiandaa kuamka. Fundi akamtazama Redio, Redio akafungua mdomo, na Fundi akaona kabisa habari ikisogea kutoka kifuani kupanda kooni.

"Gauni," akanong'ona.

Mdomo ukafungika nusu. "La namna gani?"

"Utakalo."

"Lenye mifuko. Si ya kudanganyia, mifuko ya kweli ya kuingia simu na mkono."

"Lenye mifuko."

"Na mkanda wa kitambaa hichohicho."

"Na mkanda. Nenda umzuie."

Redio akaenda. Sauti yake ikasikika chumbani, tamu kama asali: "Dada, usihangaike bwana. Moshi umetoka nyumba ya pili, kuna watu wanachoma takataka. Shemeji yuko vizuri. Hata mimi nimeshangaa." Fundi alijua kuanzia siku hiyo kwamba msichana huyu akimaliza chuo ataingia siasa.

Ila moshi haukuhongeka. Ilibidi utolewe. Akalifungua dirisha la jikoni lote, mbao zote mbili, akaikamata bitana ya koti iliyokuwa karibu, akaanza kuupepea moshi nje kama anayewafukuza kuku. Dirisha lile linatazamana na kibaraza cha nyumba ya pili; katikati ni uchochoro tu, mwembamba wa kupokezana chumvi. Na kibarazani, akianika shuka, alikuwa Mwalimu, mama mtu mzima aliyestaafu kufundisha hesabu, mtu wa maneno machache na macho mengi.

"Habari za asubuhi, Fundi."

"Salama, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna usalama humo?"

"Usalama mtupu. Najaribu kitambaa kama kinapitisha hewa."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akabana shuka kwa kibanio, akachukua lingine. Watu wa hesabu hawabishani na jibu lisilo sahihi. Wanaliacha, wanasubiri uonyeshe njia.

Trei ya kwanza ikaingia kwenye mfuko wa taka, chini kabisa, ikafunikwa maganda ya mayai. Donge lililobaki lilikuwa la trei moja tu. Hapa, Fundi alijiambia, tunaacha utani. Akapunguza moto mpaka gesi ikabaki ikinong'ona. Akanyunyiza unga ubaoni, akalisukuma donge kwa chupa ya maji, akaligeuza, akalisukuma, akatoa futi shingoni akapima unene kwenye pembe zote. Likawa sawasawa. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alijisikia kama mtu anayejua anachofanya, na hiyo ndiyo hali ya hatari kuliko zote.

Kwa sababu fundi cherehani yeyote aliyefundishwa akafundishika hujua amri moja: usipoteze kitambaa. Vipande vya mkono, mgongo na kola unavipanga vikigusana, unavikutanisha ukingo kwa ukingo, ili kinachobaki kisitoshe hata leso. Naye alizikata biskuti zake duara kwa mdomo wa glasi, akazipanga kwenye trei hivyohivyo, bega kwa bega, hata upenyo wa sindano haukubaki. Trei nzima ilijaa. Alirudi nyuma akaitazama kwa mapenzi.

"Tazama hapo," alimwambia Redio aliyekuwa amerudi kwenye zamu yake. "Mkeo angepata nusu ya hizi."

"Mkeo ni wako, shemeji. Kwangu mimi ni dada."

"Nimechoka. Usinihesabie maneno."

Safari hii hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa mbele ya oveni, akaitazama kwenye kioo chake chenye ukungu wa mafuta ya miaka. Kwa muda kila kitu kilikwenda vizuri. Harufu ikawa harufu. Kutoka chumbani mkewe akasema, "Eeh, sasa huo ndio mdalasini," na Fundi akanyoosha mgongo. Kisha biskuti zikaanza kusogea.

Siagi iliyoyeyushwa kwa pasi haina adabu. Ilitanuka. Kila biskuti ilimsukuma jirani yake, jirani akakosa pa kwenda, wakaamua kuungana. Mistari ikafutika mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake, na alichoweza kufanya ni kusema, "Hapana. Hapana, wewe. Rudi," kwa sauti ya chini, kwa trei.

Alipoitoa, ilikuwa biskuti moja. Moja tu, ukubwa wa trei, ya kahawia nzuri, imetulia kama godoro la mtoto.

Redio alitazama kwa heshima. "Mama atakula hii mwenyewe au tumletee na shuka?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Au uipige pindo, tuiweke mlangoni, watu wafutie miguu."

"Nimesema gauni litakuwa na mifuko. Sijasema lina mikono."

Redio akanyamaza. Naye Fundi alisimama na kitambaa cha kushikia moto mkononi, akihisi machozi ya hasira ya mtu aliyeamka mapema kwa ajili ya hili. Kama angepata watu wa kuwagombeza angewagombeza. Lakini wa kugombezwa alikuwa yeye mwenyewe, na aliyemshinda alikuwa mmoja tu, jiko.

Ukimya ule ndio uliomponza. Mke aliyezoea kelele za mumewe huogopa akinyamaza.

"Mbona kimya hivyo? Naja."

Na kweli, kitanda kikalia, kandambili zikaanza kuburuta. Fundi akakurupuka. Kisu kilikuwa kwenye sinki chini ya bakuli, na chini ya unga, na chini ya kila kitu. Akakimbilia meza ya kazi, akanyakua mkasi wa kwanza uliomgusa mkono, akarudi, akaubeba ule mkeka moto kwa kitambaa, akausimamisha karibu na dirisha penye mwanga, na akaanza kukata. Mkono wa fundi ukishika mkasi hauhitaji kichwa. Krap, krap, krap. Vipande vya mraba vikadondoka kwenye sahani, ukubwa mmoja, pembe zimenyooka. Ni alipofika katikati ndipo alipogundua kuwa ameshika mkasi wa meno, ule wa kukatia kingo za mshono ili nyuzi zisifumuke. Kila kipande kilikuwa na kingo zenye meno ya msumeno, madogomadogo, safi, kama stempu.

Hakukuwa na muda wa kujuta. "Sukari," akamwambia Redio, na Redio, heko kwake, akazinyunyizia biskuti sukari iliyochanganywa na mdalasini kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Mkasi ukatumbukia kwenye droo ya vijiko. Droo ikafungwa kwa nyonga.

Mkewe akatokea mlangoni, plasta kifuani kama mtoto mchanga. Akaitazama sakafu, akaona unga na hakusema. Akaitazama sahani.

"Hizi umezioka wewe?"

"Nani mwingine?"

Akachukua moja kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni. "Hiki kikatio cha meno umekipata wapi?"

"Siri ya kazi."

Akauma. Ilikuwa ngumu kidogo upande mmoja na mafuta yalizidi, lakini sukari ilikuwa juu na mdalasini ulikuwa ndani, na njaa ya asubuhi ina huruma. Akatafuna taratibu, akimtazama mumewe kama mtu anayesoma risiti ya kitu asichokumbuka kununua.

"Haya," akasema mwishowe. "Kama unaweza hivi, sina la kung'ang'ania. Jiko ni lako mpaka plasta itoke. Narudi kulala."

Na akarudi. Kweli akarudi. Fundi alisubiri mpaka kitanda kilipolia mara ya mwisho, ndipo alipokaa chini, sakafuni, kwenye unga.

Mchana sebule ilijaa. Mama Mkwe alikalishwa kwenye kiti chenye mto, wadogo wa mkewe kwenye kochi na mkeka, mgonjwa mwenyewe katikati, mkono juu ya mto, mara hii bila kunyanyuka kumhudumia mtu. Chai ikamiminwa. Sahani ikazunguka. Na ule mdomo, ambao mtu mwenye busara angeushona siku hiyo, ukafunguka.

"Wengi hawajui," Fundi alikuwa akisema, mguu mmoja juu ya mwingine, "kuoka ni hesabu. Unga una tabia yake, siagi ina tabia yake. Mimi trei ya kwanza tu, zikatoka hivi. Hata sikurudia."

Redio alikohoa ndani ya chai. Alikuwa ameshachagua kitambaa.

"Mimi nimekula biskuti nyingi," Mama Mkwe alisema, akiishika yake karibu na macho, "lakini zenye pambo hili sijaziona. Binti yangu, za kwako hazikuwa na pambo."

"Zangu zilikuwa na ladha, mama," mkewe akasema.

"Pambo nalo ni ladha ya macho," Fundi akasema kwa upole wa mshindi. "Nina kifaa changu. Nilikiagiza mbali."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mwalimu, na machungwa machache kwenye mfuko, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Akakaribishwa, akapewa kiti, akapewa chai, akaletewa sahani. Akachukua biskuti moja, akaitazama kingo zote nne bila haraka, akauma, akatafuna, akameza.

"Nzuri," akasema. "Fundi, nina swali moja tu. Ile sketi yangu ya kijivu iliyoko kwako, umeshaikata?"

"Bado, Mwalimu. Kesho asubuhi naianza."

"Afadhali. Basi nikuombe, kabla hujaianza, ule mkasi uuoshe kwa maji ya moto. Nilikuona dirishani ukikatia biskuti hizi, nikawaza mafuta yote haya yataishia kwenye sketi. Ile trei nyeusi uliyoitupa kwanza haikunihusu."

Fundi alijaribu kucheka, akatoa sauti ya gesi. Mkewe alimgeukia polepole, mwili wote, kwa sababu ya plasta.

Mama Mkwe, yeye, hakumtazama kabisa. Aliinama, akalishika pindo la gauni lake, gauni zuri la samawati ambalo mkwewe alimshonea mwaka jana, akaligeuza nje ndani. Akailaza biskuti kando ya mshono, ukingo kwa ukingo, akavuta miwani ishuke puani, na akaanza kulinganisha meno.